KOTI LA TABORA: Babu alizikwa na siri yake, uzi mwekundu ukaifichua

Hebu msomaji jipime mwenyewe kabla hujageuza ukurasa. Taja jina la baba yake babu yako. Haya, la mama yake bibi je? Kijiji alichozaliwa? Umekwama wapi?

Vijana wa mjini tuna maajabu yetu. Beki wa kushoto wa timu ya Uingereza tunamjua yeye, mchumba wake na gari analoendesha. Lakini ukimuuliza kijana huyo huyo dingi yake alikutana vipi na maza, anakuna kichwa kama kaulizwa swali la hesabu. Akibanwa sana anasema, "Ah, hayo mambo ya wazee bwana."

Mambo ya wazee, sawa. Ila mzee akishafariki, yanageuka kuwa mambo yako. Utaitwa kwenye kikao cha ukoo, utakalishwa mkekani, na mtu usiyemjua atasimama mbele yako aseme, "Mimi ni damu yenu." Utamjibu nini wakati hata hiyo damu yenyewe huijui ilikopita?

Kwetu sisi mtu huyo alikuja. Alikuja siku ya arobaini ya babu, na mkononi hakuwa na cheti wala picha. Alikuwa na kipande cha koti.

GADI WA RELI YA KATI

Babu yangu mzaa baba alikuwa gadi wa treni. Kwa nyie mliozaliwa enzi za mabasi ya luksari, gadi ni yule bwana aliyekaa behewa la mwisho na kipenga, bendera mbili na kandili. Dereva yuko mbele anapiga honi, sawa, lakini treni haitoki stesheni mpaka gadi apeperushe kijani. Babu alikuwa akituambia, "Dereva anaendesha injini. Treni naendesha mimi."

Alizaliwa mwaka 1922, Mzaramo wa Kisarawe, akaingia kazini kijana wa miaka 22. Miaka minne baadaye, 1948, reli ya Tanganyika ikaunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, likazaliwa shirika moja kubwa la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Babu akapandishwa cheo, akapewa yunifomu mpya, na mabinti wa Gerezani, kwa maneno yake mwenyewe, "wakaanza kukosea njia wapite stesheni."

Njia yake ilikuwa Reli ya Kati, ile waliyoianza Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1905. Morogoro waliifika 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, wakati vita kuu ya kwanza inabisha hodi. Kutoka baharini mpaka Ziwa Tanganyika ni kilomita zaidi ya 1,200, na babu alikuwa akizitaja stesheni zote kwa mpangilio, mbele na nyuma, bila kupumua. Hiyo ndiyo ilikuwa bembelezo yetu. Wajukuu wengine wanalazwa kwa hadithi za sungura na fisi. Sisi tulilala kati ya Kilosa na Gulwe, aliyekawia sana alifika Manyoni.

Alikuwa mtu wa saa. Saa yake ya mfukoni aliijaza kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, na chakula kikichelewa dakika kumi hakuwa akigomba, anapuliza kipenga tu. Bibi naye alikuwa na dawa yake. Anatoka jikoni, anapeperusha kanga nyekundu mlangoni. Maana yake: treni haijaruhusiwa kuingia. Babu anatulia.

Alipostaafu ulikuwa mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Utani wake ulikuwa mmoja miaka yote: "Nilipotoka mimi, na wao wakaona hakuna haja ya kuendelea."

KOTI LILILOPOTEA

Sasa tufike kwenye koti.

Magadi walikuwa wakipewa koti zito la sufi kwa ajili ya safari za usiku. Ukilivaa Dar unaiva, lakini ukishapita Dodoma, mwezi wa Juni au Julai, baridi ya bara haina mchezo na behewa la gadi halina jiko. Koti la babu lilikuwa jeusi, lenye vifungo vya shaba. Kwa kuwa makoti yote yalifanana na magadi walikuwa wakibadilishana bila kujua, bibi alilitia alama. Alichukua uzi mwekundu, akatarizi nambari ya kazi ya mumewe kwenye bitana, upande wa moyo.

Bibi hakusoma shule. Nambari hizo alizinakili kutoka kwenye kikaratasi kama mtu anavyochora ua. Kulikuwa na nne moja ndani yake, na hiyo nne aliitarizi kinyume, imeangalia upande usio wake, kama iliyopigwa kofi. Babu alipoiona alicheka mpaka machozi, lakini akakataa ifumuliwe. "Iache," alisema. "Sasa mwizi hawezi kusema ni lake."

Mwaka 1957, kipupwe kimepamba moto, babu akarudi kutoka Tabora bila koti. Kisa alichotoa ni hiki: alishuka stesheni kunywa chai, akaliacha kwenye kiti cha behewa, aliporudi akakuta kiti kitupu. Kaibiwa. Na Wanyamwezi, akaongeza, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi wa kwenda pwani, na mtani hakosi kosa la kubebeshwa. Koti likakatwa kwenye mshahara.

Kisa hicho nyumbani kwetu kiligeuka msemo. Mtu akipoteza kitu na maelezo yake yakawa na matobo, hatumwiti mwongo. Tunasema, "Hilo ni koti la Tabora." Baba mdogo alipewa hela za bati akarudi na redio: koti la Tabora. Binamu kafeli mtihani, eti mwalimu alimchukia: koti la Tabora. Hata bibi, babu akichelewa kutoka barazani kwenye bao, alimuuliza kwa upole, "Leo umeacha nini, au bado nguo zote unazo?"

Na babu kila mara alicheka. Tulidhani anacheka utani.

Kulikuwa na jambo jingine. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, ule wa Uamuzi wa Busara, walipokubaliana kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu wa serikali ya kikoloni. Babu alijisifu maisha yake yote kwamba baadhi ya wajumbe walisafiri kwenye treni yake. Toka hapo akawa anaomba zamu za Tabora kuliko gadi mwingine yeyote, na akiulizwa anajibu, "Mambo ya chama." Mkutano wa TANU ulikwisha mwezi huohuo. Mikutano ya babu iliendelea miaka mingine minne.

TANZIA REDIONI

Babu alifariki mwishoni mwa Desemba 1997, siku chache kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Aliondoka kimya kimya, alfajiri, saa ikiwa imeshajazwa. Tukamzika Kisutu.

Kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo, tangazo likapelekwa Redio Tanzania. Nyie wa magrupu ya simu hamuwezi kujua uzito wa matangazo ya vifo ya RTD. Nyumba nzima hunyamaza, chai inapoa, watu wanasikiliza majina ya mikoa: habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, Kilosa, Mikumi, Ujiji. Kwa tangazo la mita chache za sauti, nchi nzima ilijua nani kafiwa.

Aliyeandika tangazo letu alikuwa mzee mmoja, gadi mwenzake babu, waliofanya kazi pamoja tangu ujana. Baba mkubwa alisoma karatasi kabla haijapelekwa, akaona neno limeongezwa: "...na Tabora."

"Mzee, Tabora hatuna mtu," baba mkubwa akasema.

Mzee akachukua karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mimi ndiye niliyesafiri naye," alijibu. "Acha isomwe."

Hakuna aliyefuatilia. Msiba una mambo mengi, nani aulize habari ya neno moja?

"WATANI WAMEFIKA!"

Mtaikumbuka mvua ya 1997 na 1998, ile ya El Nino. Ilikata barabara, ikazoa madaraja, na ikaizoa hata reli yenyewe kati ya Kilosa na Dodoma. Wazee barazani walisema reli imekataa kufanya kazi baada ya gadi wake kuondoka. Kwa hiyo aliyetaka kutoka Tabora kuja Dar siku hizo alipita barabara, Nzega, Singida, Dodoma, magari yanakwama kwenye tope, abiria wanashuka kusukuma.

Arobaini ikaangukia wiki moja hivi baada ya Idi. Hitma imesomwa asubuhi, pilau liko jikoni, wanaume nje chini ya turubai, wanawake uani. Ndipo akaingia mwanamke wa miaka kama arobaini, kanga zake zimekauka tope pindoni, kashika mkono mtoto wa kiume na mfuko wa foronya. Alikuwa safarini siku tano.

"Umetokea wapi dada?"

"Tabora."

Uwanja ukalipuka. "Watani wamefikaa! Leteni fidia! Mmemuua mzee wetu kwa kumwibia koti, leo mmekuja kula pilau lake!" Mnaujua utani wa msibani. Watani ndio wenye ruhusa ya kuchekesha waliofiwa, na siku ile kila mtu alikuwa na hamu ya kucheka. Shangazi yangu mkubwa akampa pawa, akamwambia, "Anza kukoroga, koti letu utalipa kwa kazi."

Yule mwanamke akapokea pawa. Akakoroga. Akacheka nao, akatupiana nao maneno vizuri tu, maana mtani hakatai utani. Ila waliokuwa karibu naye waliona anakoroga huku machozi yanamdondoka, na mwanzoni walidhani ni moshi.

Shughuli ilipopoa aliomba kumwona mkubwa wa nyumba. Akapelekwa kwa baba mkubwa. Akaketi chini, akafungua foronya, akatoa kipande cha nguo nyeusi nzito, kikubwa kiasi cha taulo la mtoto, kimeliwa na nondo pembeni. Kilikuwa na kifungo kimoja cha shaba.

"Hili nilifunikwa siku niliyozaliwa," alisema. "Mama aliniambia lilikuwa la baba. Nilimsikia redioni."

UZI MWEKUNDU

Msomaji, nisikudanganye. Hakukumbatiwa mtu.

Kikao cha ukoo kiliitishwa usiku uleule, na hoja ya kwanza ilitoka kwa baba mdogo, yule wa redio. Alisimama kama wakili. "Marehemu alisema nini juu ya koti hili? Aliibiwa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, tumeyasikia miaka arobaini. Basi aliye na koti ni nani? Ni mtoto wa mwizi."

Watu wakaguna, lakini hoja ilikuwa na miguu. Uongo wa babu mwenyewe ulisimama kumkana binti yake, na yeye babu yuko Kisutu, hawezi kuufuta.

Ikabidi kipande kile kipelekwe ndani. Bibi alikuwa eda, haonani na wanaume wa nje, kakaa chumbani kwenye mkeka wake. Shangazi akakiingiza, na mimi, kidato cha pili wakati huo, nikapenya nyuma yake kwa kisingizio cha kupeleka kandili, umeme ulikuwa umekatika.

Bibi hakuangalia kifungo. Alikigeuza kile kipande upande wa bitana, akakisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole. Uzi ulikuwa umefifia, wekundu wake umebaki kama kutu, tarakimu moja ilikuwa imeliwa nusu. Lakini nne ilikuwepo, imeangalia upande usio wake.

"Mkono wangu huu," bibi akasema.

Shangazi akamweleza hoja ya baba mdogo, kwamba huenda kweli liliibiwa. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo tunayarudia kwenye kila sherehe ya familia:

"Mume wangu akipoteza senti tano, nyumba hii hailali. Mwaka ule kapoteza koti zima, kakatwa mshahara, na usiku wake kala wali vizuri, kaomba na kuongezwa. Nikajua siku ileile. Koti halikuibiwa. Limetolewa."

"Sasa mama mbona hukumuuliza?"

"Ningeuliza, ningejibiwa."

Kisha akajifunika kanga vizuri, akasema, "Mwizi wa koti langu yuko wapi? Mleteni aje anisalimie."

Yule mama akaletwa, akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo mama." Bibi akamwitikia, akamtazama usoni muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu. "Mama yako alisikia baridi sana?"

"Alisema mwaka ule baridi ilizidi."

"Basi alifanya vizuri kulitoa."

Mpaka leo sijui vizuri bibi alimaanisha nani, babu au yule mwanamke mwenzake aliyelikata koti. Wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulishaona faida ya kuuliza ndani ya nyumba ile.

SHILINGI SITINI KWA SIKU

Kwa bibi mambo yalikwisha pale. Kwa wanaume ndiyo kwanza yalianza, maana sasa imeingia mirathi.

Mnajua sheria ya dini. Mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba, hata kama amefanana naye mpaka kucha. Kwa hiyo swali likawa: palikuwa na ndoa? Hapo ndipo yule mzee wa tangazo la redio alipokohoa. Alikuwa kakaa kona siku zote hizo, anasubiri aulizwe, na hakuna aliyemuuliza.

"Ndoa ilifungwa Tabora, 1956," alisema. "Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja amekwishatangulia. Wa pili ni mimi."

Akaeleza yote. Mwenzake alioa kwa walii, mahari ilitolewa, na alikuwa akienda kwake kila zamu. Mwaka 1962 yule bibi wa Tabora aliomba talaka yake, akasema hawezi kuolewa na ratiba ya treni. Akaolewa na mtu wa Urambo, akahamia huko na mtoto. Babu aliendelea kupeleka bahasha kwa mkono wa magadi mpaka alipostaafu, kisha waliozipeleka wakastaafu nao, njia ikafa. Kwa nini hakusema? "Alikuwa anamwogopa mkewe," alisema mzee. "Na alikuwa anampenda. Hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, hasemi kitu."

Sheikh akachukua karatasi. Mali ya kugawa ilikuwa moja, nyumba ya Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, bibi akiishi banda la uani. Wakakubaliana isiuzwe, igawanywe kodi. Kila chumba kilikuwa kikipangishwa shilingi 12,000 kwa mwezi, jumla 72,000. Mke anachukua thumni, sehemu moja ya nane, yaani 9,000. Zinabaki 63,000 za watoto, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Kulikuwa na wana watatu na mabinti wawili, hivyo mafungu manane. Akiingia binti wa tatu yanakuwa tisa.

Fungu likashuka kutoka 7,875 hadi 7,000. Kila mwana wa kiume akapungukiwa shilingi 1,750 kwa mwezi. Ukiigawa kwa siku thelathini, haifiki hata shilingi 60 kwa siku.

Nyie, kikao kile kilikwenda usiku mara tatu! Watu wazima, wana vyeo vyao, waligombana mpaka majirani wakazima redio wasikilize vizuri, kwa ajili ya shilingi sitini. Mwishowe baba yangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisimama akasema, "Mimi zangu mnazozigombea mpeni yeye na zile zilizobaki pia, ila mjue koti mmelikata mara ya pili." Kimya kikaingia. Baba mkubwa akasaini muhtasari, wengine wakafuata, na baba mdogo akasaini wa mwisho, akaomba radhi kwa kumkabidhi dada yake ile redio.

Muhtasari ule ukaenda Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, msimamizi wa mirathi akateuliwa, jina la binti wa Tabora likiwa kwenye orodha ya warithi. Kuanzia hapo fungu lake lilimfikia kila baada ya miezi mitatu. Na yeye alituma asali. Mnaijua asali ya Tabora? Basi thamani ya madebe yale ilishazidi zile sitini kwa siku kabla mwaka haujaisha, na waliogombana sana ndio waliokuwa wa kwanza kuja na chupa.

Bibi alituacha mwaka 2009. Kipande cha koti alikuwa amekirudisha kwa mwenyewe siku ileile ya kikao, lakini kwanza aliomba sindano na uzi mwekundu. Tukadhani anataka kuirekebisha nne. Akatia nyuzi mpya pale palipofifia, akafuata njia ileile ya zamani, nne akaiacha kinyume.

WAULIZENI WAKIWA HAI

Kisa chetu si cha ajabu, msidhani. Nchi hii ilijengwa na watu waliokaa njiani: magadi, mabaharia, madereva wa malori, askari waliohamishwa kambi baada ya kambi. Mtu mwenye kazi ya safari alikuwa na maisha huku na maisha kule, na katikati yake kuna ukimya mrefu kama njia ya Itigi. Ndani ya ukimya huo kuna shangazi zako, baba zako wadogo, na pengine huyo mchumba unayetaka kumpeleka nyumbani wiki ijayo. Ohoo! Hujaliwaza hilo?

Kwa hiyo kama una mzee ndani ya nyumba, fanya hivi. Usimkalie na kalamu kama karani wa sensa, atakuambia tarehe mbili atalala. Muulize vitu. Hii saa ulinunua wapi? Hili kovu la nini? Hii kanga alikupa nani? Kitu kina kumbukumbu kuliko mwenye nacho, na mzee akishika kitu mkononi ulimi wenyewe unafunguka.

Muulize alifanya kazi na nani. Mke huambiwa nusu, watoto robo, rafiki wa kazini anajua yote. Kwetu ukweli wote ulikuwa kwa mzee mmoja aliyekaa kona miaka arobaini, na alihitaji kuulizwa tu.

Vichekesho vya familia navyo visikilize kwa sikio la pili. Kile kisa kinachorudiwa kila Idi na kila Krismasi, ambacho watu hucheka kabla hakijaisha, mara nyingi kina tobo katikati. Sisi tulilicheka tobo letu miaka arobaini.

Halafu andika. Jina, mwaka, mahali, nani alikuwepo. Simu yako ina kinasa sauti, kitumie kwa kitu cha maana zaidi ya kurekodi ugomvi wa jirani. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo fuatilieni mapema RITA, msisubiri siku ya kugombania vyumba.

Reli nayo imebadilika. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, safari ambayo babu aliifanya usiku kucha akitetemeka sasa ni ya saa tatu na ushee, na humo ndani kuna kiyoyozi. Watoto wanashuka wakilalamika baridi. Hakuna tena anayehitaji koti la sufi, na anayeliacha njiani itabidi atafute kisa kingine cha kumweleza mkewe.

Hicho kisa chochote atakachokitoa, nyie watoto wake kisikilizeni vizuri. Halafu angalieni kama usiku wake kaomba kuongezwa wali.